Maksai Wawili wa Kulia

Mwalimu Barasa,

Sijatulia tangu tukuzike. Hata sasa naandika nimesimama, karatasi juu ya pipa la maji hapa Mabanga, maana nikikaa tu mguu unaanza kucheza. Ungeniona ungeniuliza kama mimi ni kuku anayetafuta pa kutaga.

Kamati inataka mafunzo yetu yahamie ukumbini, mjini Bungoma. Viti, ubao, chai ya saa nne. Wanasema viongozi wa vijana hawafunzwi kwa kusukuma plau kwenye tope. Nimebishana nao mpaka sauti ikakauka. Mwishowe wakanipa siku moja shambani, waje waone wenyewe. Siku hiyo ilikuwa leo.

Nami, kichwa maji, nikachagua kundi gumu kuliko yote: vijana wa mlimani na vijana wa huku chini. Tangu watu wachomeane nyumba, hawa hawasalimiani. Nikafuata desturi yako: kila upande ulete maksai mmoja, wafungwe nira moja, walime kipande cha shamba la mjane mmoja wa hapa, na mimi nisifungue mdomo.

Mwalimu, kila upande ulileta maksai wake bora. Na wewe unajua maksai bora wa kila boma ni yule wa kulia, anayekanyaga mtaro na kushika njia. Wote wawili wa kulia! Nani angeleta wa kushoto aonekane mnyonge? Yule aliyewekwa kushoto akazunguka kutafuta mahali pake, nira ikapinda, plau ikalala ubavu.

"Ng'ombe yenu ndio mbaya!"

"Si nyinyi ndio mumeleta kichwa ngumu, bana!"

Wanjala, kiongozi wa vijana wa huku chini, akaokota rungu. Wanakamati walikuwa kando wakitazamana. Niliogopa, Mwalimu, niliogopa sana.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nikakukumbuka siku ile kule Lwakhakha, wale akina mama walipokwama na mkokoteni kwenye matope nami nikataka kuwakimbilia. "Waache, Nekesa. Ukiwatoa wewe, kesho watakwama tena." Nikauma mdomo mpaka nikaonja damu. Nilikuchukia kidogo, sikufichi.

Chebet, msichana anayewaongoza wa mlimani, alimtazama ng'ombe wao kwa muda mrefu.

"Yetu ikae kushoto," akasema. "Lakini mtu wenu ashike kamba yake. Haijazoea."

Wanjala akatupa rungu akaishika kamba. Nililia, na sikujali nani ananiona.

Walilima mpaka saa sita. Mitaro imepinda vibaya, wewe ungefumba macho. Mwenyekiti wa kamati akauliza, "Sasa hii ni kurima ama ni kucheza?" Wakaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Watakata shauri Ijumaa, na hadi Ijumaa nitakuwa nazunguka hapa kama mwenye upele.

Pumzika, Mwalimu. Mimi siwezi, lakini wewe pumzika. Nakuahidi hivi: shambani mdomo nitaufunga, mbele ya kamati sitaufunga. Wakichagua ukumbi, waupate bila mimi. Nitaomba kipande cha shamba kwa mama yangu, nikikosa, niombe kwa jirani.

Chebet na Wanjala wamepatana kurudi Jumamosi wamalizie shamba la mjane. Nimesikia kwa watu tu. Mimi hawakunialika.

Wako,
Nekesa