Kibao Kama Kalamu

Korogwe, Jumamosi

Bado nacheka peke yangu. Mkono unauma hadi mwandiko unapinda.

Leo nimemfunga karani Mhina klabuni, mbele ya watu wote, hata Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani, alikuwepo. Mhina ndiye aliyeniletea posa kwetu Misima mwezi uliopita. Tena ndiye aliyesema mpira wa meza ni wa wanaume, sisi walimu wa kike tukapike chai.

Aliponiona nimeshika kibao kwa vidole kama mtu anayeandika, akaangua kicheko. "Mwalimu, unasahihisha madaftari?"

Nikamsahihisha yeye. Mipira ikampita kushoto, ikampita kulia. Mwisho akauliza nimefundishwa na nani.

"Na Mjapani," nikasema. Akageuka kutazama mlangoni, maskini!

Sikudanganya sana. Ni yule dada aliye kwenye kipande cha gazeti nilichofungiwa sukari dukani. Alianza kucheza akiwa shuleni, akaja kuwa bingwa wa dunia. Wiki nzima nimeiga anavyoshika kibao pichani, nikipiga mpira ukutani.

Kinachoniudhi ni mstari wa mwisho wa habari yenyewe: anaolewa, kwa hiyo anaacha kucheza. Nimeusoma mara nyingi, na kusema kweli naogopa. Maana hata Mhina, huku akifuta jasho, aliniambia, "Cheza tu, mwalimu. Ukishaolewa utaacha."

Nikamwambia wazee wake wakija Misima na mahari, waje wamebeba na meza ya mpira.