Sabuni Yenye Ilisifiwa

Bukavu, siku ya ine, 1974

Lakini kwa nini alisifu sabuni yangu? Angeitukana, ningelala.

Ni bibi ya yule mukubwa mwenye kupewa na serikali magazini, ile duka kubwa yenye balinyanganya Mugriki mwaka yenye ilipita. Alishuka mu motokari, hapa kwetu Cimpunda, akasimama karibu na pipa yenye tunapikia sabuni kwa mawese na soda kali, akanusa kipande.

"Citoyenne, sabuni yako iko muzuri. Bwana yangu atakuja kesho kuiona."

Nikajibu, "Aksanti, maman."

Magazini ile pia, yeye na bwana yake balianza kwa kuisifu. Leo rafu zake ziko mutupu, na bafanyakazi bake bote banakaa nyumbani.

Bamama wajane wenye kupika pamoja na mimi balifurahi. Maman Faida alipiga vigelegele: "Tajiri anakuja kutusaidia!" Batoto bao banakula juu ya pipa hii. Nilishindwa kubaambia. Na kama atasema pipa iko yake…

Nimetoka kumwanga muchanga mu sabuni ya leo, kabla haijaganda. Mungu wangu, kesho akinawa nayo, imukwaruze mikono mupaka achukie sabuni ya maskini.