Siku Ulipofungua Mwavuli kwa Mgiriki

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Naacha nafasi kidogo hapa, kwa sababu marahaba yako ilikuwa na tabia ya kuchelewa. Ulikuwa unamtazama mtu kwanza kuanzia viatu, na kama hana viatu basi kuanzia nyufa za visigino, unapanda naye polepole, na ukishafika usoni ndipo unaitikia. Wengine walikuwa wameshaondoka.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea kuongea. Kigweno changu ulisema ni kama mtu anayesafisha koo, na Kichasu cha kwenu Vudee nilichojifunza kwa miaka yote hii hukupata kunisamehe. Na sababu ya kuandika ni kwamba jana nimeushusha mwavuli wako ukutani. Nikaufuta vumbi, nikakaa nao kibarazani, na nikajikuta niko Same tena, siku ile uliposhuka mlimani kuja kunikagua.

Unakumbuka kwamba nilifika kwako kama maneno tu. Kaka yako Sefania ndiye aliyekubali kunisemea. Alikuambia kuna kijana wa Shighatini, huko Ugweno, anajua kusoma, anamtaka binti yako Nakijwa, na ana kazi kwa Mgiriki pale Same.

"Kazi gani?" ukauliza.

"Anatengeneza jibini."

"Jibini ndiyo nini?"

"Maziwa ya mbuzi, dada. Yanaachwa mpaka yanakuwa magumu."

Sefania alinisimulia kwamba ulichambua sahani nzima ya maharage, kisha ukasema, "Kwa hiyo anaharibu maziwa, na Mgiriki anamlipa."

Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Huko Vudee maneno yakazidi kunenepa: kwamba tunayazika maziwa ardhini, kwamba mwanamume mzima nashinda nimeinama nyuma ya mbuzi nikimbembeleza. Ukasema hutatoa jibu, la ndiyo wala la hapana, mpaka uone kwa macho yako. Hivyo ukavaa gauni lako la kanisani, ukachukua mwavuli mweusi alioacha marehemu mumeo mwinjilisti, ule wenye ubavu mmoja uliovunjika na kufungwa kwa uzi wa katani, ukatoka kwenye ukungu wa Vudee ukashuka kwenye jua la Same, Sefania akikufuata nyuma.

Mlinikuta nimejifunga gunia la unga kiunoni, mikono nyeupe mpaka kwenye viwiko. Nikakuamkia. Ukaanza na visigino.

"Marahaba," ukasema baadaye. "Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Nilidhani utakuwa mrefu."

Yule Mgiriki alikuwa mama mjane, tukimwita Kiria kwa sababu ndivyo watu wa kwao walivyomwita. Ulimpenda mara moja, ingawa hukusema, kwa kuwa naye alikuwa amevaa nyeusi kwenye jua lile na hakulalamika. Kiria alipenda wageni kuliko alivyopenda wateja. Alikushika mkono akakuvuta: "Kuja, mama! Kuja ona!" Akakuonyesha zizi, na mbuzi wake mmojammoja kama mtu anayetambulisha ukoo.

"Huyu Eleni," akasema.

"Amebatizwa?" Sefania akaniuliza.

Kisha tukaingia kwenye chumba cha maziwa, na kuanzia hapo mimi ndiye niliyekuwa nakaguliwa. Ulinitazama nikichuja maziwa kwa kitambaa cha marekani. Ukanitazama nikiyapasha moto kwenye makaa, nikitumbukiza kidole mpaka kidole kikawa hakihisi joto wala baridi. Ukanusa vitambaa vyangu vilivyoanikwa. Ukageuza sufuria ukaangalia matako yake. Nilipotoa kile kipande kikavu kutoka kwenye kikombe cha maji, ukasogea.

"Hicho nini?"

"Tumbo la mwanambuzi, mama. Limekaushwa. Ndilo linalogandisha."

Ukafikiri. "Yaani mnachukua maziwa ya mama, mnayagandisha kwa tumbo la mtoto wake."

Nilikuwa nimefanya kazi ile muda mrefu bila mtu kuniambia hivyo. "Ndiyo, mama."

"Na huyu mwenye mbuzi anasali?"

"Anasali sana."

"Anahitaji."

Tukangoja yakaganda, nikayakata kwa kisu, nikayamimina kwenye vikapu yachuje maji, nikakuonyesha na pipa la maji ya chumvi ambamo vipande vya zamani vilikuwa vimelala. Nikaanza kuamini kwamba mambo yanakwenda vizuri, na hapo ndipo Kiria alipoleta sahani.

Mama, sijui kama ulipata kujua hofu iliyonishika. Kiria alikuwa na sheria moja: hakuna anayetoka kwenye zizi lake bila kuonja. Mpishi wake wa zamani aliwahi kusema tumbo linamsumbua, na jioni ileile alikuwa njiani na kabati lake kichwani. Sasa sahani ilikuwa moja, meza moja, benchi moja, na Kiria amesimama mikono kiunoni anatutazama wewe na mimi.

Kwetu na kwenu, hilo moja tunafanana: mtu hatii kitu kinywani mbele ya mama mkwe. Ni afadhali akuone unaoga. Lakini mimi sikuwa mkweo. Nilikuwa mwombaji tu. Nikikataa kula kwa kukuheshimu, nimejifanya mkwe kabla sijapewa mtu, na hicho ni kiburi. Nikila mbele yako, nimesema mwenyewe kwamba wewe si mama mkwe wangu na wala sitegemei uwe. Na nikikaa bila kufanya lolote, kesho sina kazi, na nani atamwoza binti yake kwa mtu aliyefukuzwa hata kwenye kuharibu maziwa?

"Kula!" Kiria akasema. "Wote kula! Jibini yangu iko sumu?"

Kaka yako Sefania, ambaye adabu zake zilikuwa zinaisha chakula kinapoanza, alikuwa ameshatafuna kipande cha kwanza na anatazama cha pili.

Hapo ndipo ulipouchukua mwavuli magotini pako. Hukunitazama. Ukaufungua pah, ukausimamisha juu ya meza katikati yetu, mpini upande wako, na sahani chini ya ukingo wake, nusu kwako na nusu kwangu. Nikabaki natazama kitambaa cheusi na ule ubavu uliofungwa katani.

"Haya," sauti ikasema kutoka ng'ambo.

Mkono ukatokea, kipande kikaondoka. Nami nikachukua changu. Nikasikia unatafuna, muda mrefu, kama mtu anayesoma waraka wa serikali.

"Ni chumvi," ukasema.

"Ndiyo, mama."

"Ni chumvi iliyowekewa maziwa kidogo."

"Anasema nini?" Kiria akauliza, Kiswahili chake kikiishia zizini.

"Anasema ni nzuri sana."

"Sikusema hivyo," mwavuli ukajibu. Lakini mkono ukarudi kwenye sahani. Ukarudi tena.

"Kwa nini mwavuli?" Kiria akashangaa. "Hapana mvua."

Sefania akatoa kichwa nje, akatazama mbingu ya Same iliyokuwa nyeupe kama sahani. "Itanyesha, Kiria," akasema.

Mlipomaliza ukaufunga mwavuli, ukasimama, ukakung'uta gauni. "Tumeiona kazi," ukasema, ukimwambia Kiria, si mimi. Ukaondoka na kipande ulichofungiwa kwenye jani la mgomba, na hukugeuka nyuma.

Nikarudi kufua vitambaa vyangu. Nilijua nimekosa mke. Kwetu Ugweno mama mkwe humkwepa mtu kwa kupita njia nyingine, basi. Sijapata kuona mtu akiwekewa ukuta juu ya meza. Nikajiambia umechukizwa na gunia langu, na mikono yangu, na tumbo la yule mwanambuzi, ukaona afadhali utazame kitambaa cheusi kuliko uso wangu. Nilimweleza Eleni yote hayo wakati wa kukamua. Alinipiga teke.

Jumapili ilipopita Sefania akashuka tena, akanikuta zizini.

"Unangoja nini wewe?" akasema bila salamu. "Dada anauliza."

"Ningoje nini, mjomba? Mama hakutaka hata kuniona uso."

Alinitazama. Kisha akashika ukingo wa zizi akacheka mpaka mbuzi wakasogea. "Wewe Mgweno! Dada yangu amekula mbele ya wapagazi. Amekula mbele ya mchungaji. Amekula muhogo mbele ya karani wa boma aliyekuja kuhesabu vibanda, akimtazama machoni. Umesikia lini mtu anajificha kwa kibarua wa Mgiriki? Mtu hujificha kwa mkwe wake! Alipoufungua ule mwavuli alikuwa ameshakujibu, tena mbele ya mashahidi."

"Mashahidi gani?"

"Mimi. Na Mgiriki. Na yule mbuzi aliyebatizwa."

Mama, nilikaa chini palepale, na pale si mahali pa kukaa.

Nimekula na wewe maisha yangu yote ya ndoa bila kukuona ukila. Ukiwa ndani, mimi nje. Mlango katikati, au ukuta, na tukiwa shambani, mwavuli. Makande yako nimeyala huku nasikia kijiko chako upande wa pili, na maongezi yetu bora kabisa yalipita kwenye kitambaa kile. Hapo uliniuliza mambo ambayo mtu haulizi akiwa anatazamwa: kama nampiga Nakijwa, kama nina huzuni, kama huko kwetu wananidharau kwa kuhamia ukweni. Nilijibu kweli kila mara. Mwavuli hauna uso wa kudanganya.

Na asante hii sikuwahi kuisema vizuri. Vita vya Wazungu vilipokwisha Kiria akauza kila kitu akarudi kwao, nami nikapanda Vudee na gunia langu begani, sina kazi. Nilitegemea utasema ulijua. Ukaniuliza tu, "Kwani mbuzi wote duniani ameondoka nao?" Kesho yake ukafungua zizi lako, mbuzi ambao mumeo alikuachia na ambao hukuwa unaruhusu hata wanao kuwagusa, ukasema, "Haya. Haribu na yangu." Jibini inayoliwa leo na Waingereza wa boma, wanayoitafuna kama wanavyosikiliza kesi, bila uso kubadilika, ilianzia pale. Watoto wako wanasema wewe ndiye uliyenipa mke. Ulinipa mara mbili, mke na njia ya kumlisha.

Halafu masika yale ya mwisho. Nakijwa alikuwa ameshuka kukuletea dawa, mvua ikamzuia, tukabaki mimi na wewe. Ulikuwa umekataa uji tangu asubuhi. Nikiwa mlangoni nimekupa mgongo, kwa adabu, nikasikia: "Ile chumvi yenu ipo?"

Nikakata vipande vidogo. Nikaleta mwavuli, nikaufungua, nikaushika katikati yetu kwa mkono wa kushoto, na wa kulia nikaupitisha pembeni na sahani. Tukakaa hivyo.

"Mwavuli umeinama," ukasema. "Au ni mimi?"

"Ni mimi, mama."

"Ufunge."

Sikuufunga. Mwavuli ule ndio uliokuwa cheti changu cha ndoa. "Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nimechoka kujificha kwa mwanangu. Funga, nile."

Nikaufunga. Na baada ya miaka yote ile nikaona unavyokula, mama. Unatafuna kwa upande wa kushoto, na jicho la kulia unalifumba. Ukameza, ukanisogezea sahani. "Kula na wewe." Nikala. Ukanitazama nikila, kuanzia kidevuni kwenda juu.

"Ni chumvi," ukasema.

"Ndiyo, mama."

Sasa nikueleze kwa nini nimeushusha. Mjukuu wako Namsifu, binti yetu, ana kijana anayemtaka. Alikuja juzi, kwa maneno yake mwenyewe, hakutuma mtu. Anafanya kazi stesheni ya Same. Nikamuuliza kazi gani. Akasema, "Napunga bendera, baba, treni inapita."

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Na usipopunga, haitapita?"

Nakijwa alitoka chumbani akicheka mpaka machozi. "Mama yangu amerudi," akasema.

Jumapili hii kijana anakuja kuona mbuzi na kuonja. Nimeufunga ule ubavu kwa katani mpya, nikaujaribu kibarazani, unafunguka vizuri. Nilikuwa nimekaa nao hivyo, najipa ukubwa, nafikiri kama nitaufungua au sitaufungua, Nakijwa akaja akauchukua mkononi mwangu.

"Huu si wa baba mkwe kuufungua," akasema. Akaenda nao ndani, na jioni nikauona umelala juu ya kigoda chake, upande wa meza atakaokaa yeye.

Nikamtafuta Namsifu, nikamwambia aoshe ile sahani kubwa.

Pumzika, mama. Hapa chumvi ipo ya kutosha.

Ni mimi,
mkweo wa ng'ambo ya mwavuli, na mwanao tangu nilipoufunga.