Metrine na Kontena Zake

Ahero, 9 Machi 2025

Nyaminwa, mdogo wangu Seline,

Pokea salamu za nyumbani. Mama hajambo, goti limetulia, na mpunga umekauka vizuri. Wewe je, huko Milimani, Kisumu, kazi inakupa nafasi ya kula?

Nimepata ujumbe wa huyo mwenzako mpya wa ofisini, Metrine. Ananiagiza niweke programu ya kontena kwenye kompyuta yangu kabla sijagusa kazi tena. Seline, mfumo huu wa kuwaonya watu kuhusu mafuriko tuliuanzisha mimi na wewe kwenye meza ya Mama, Metrine akiwa hajui hata Ahero iko upande gani. Leo nabisha hodi kwangu mwenyewe?

Dada yako,
Adero

Kisumu, 12 Machi

Dada Adero,

Nimefurahi kusikia goti la Mama limepoa. Mimi nina mafua tu.

Usimkasirikie Metrine. Kontena ni kama sanduku. Unafunga ndani programu yetu pamoja na kila inachohitaji, hata hifadhidata. Ukilifungua kwangu, kwako au kwenye seva, ile kompyuta inayotuma ujumbe kwa watu, kilichomo ni kilekile. Unakumbuka nilivyohangaika kuweka ile hifadhidata? Metrine alianza kazi siku aliyofika! Tukiharibu kitu, tunalitupa sanduku na kufungua jingine, kompyuta haidhuriki. Jaribu tu. Metrine ana subira sana, hata mimi amenifundisha mengi.

Mdogo wako,
Seline

Ahero, 20 Machi

Seline,

Hatujambo.

Nimejaribu. Kupakua peke yake kulimaliza bando zangu zote za intaneti. Nikiwasha kontena, feni inalia kama kinu cha posho kikisaga mahindi na siwezi kufungua kitu kingine, nafasi yote imeliwa. Wewe ofisi imekupa mashine mpya. Mimi natumia ile uliyoniachia. Nimeiondoa programu hiyo, nitafanya kazi kama zamani.

Metrine hivi, Metrine vile. Nilipomsomea Mama barua yako aliuliza, "Huyo Metrine ni mtoto wa nani?" Nikamwambia akuulize wewe.

Nimekutumia marekebisho ya ujumbe wa Kidholuo. Kwangu yanafanya kazi.

Adero

Kisumu, 27 Machi

Dada,

Natumaini nyote mu wazima.

Jana tulifanya majaribio mbele ya chifu na wakulima. Marekebisho yako uliyaandika kwa toleo la hifadhidata lililo jipya kuliko la kwenye seva. Kwako yalikwenda, huku kwetu mfumo wote ukazimika. Wazee walikaa na simu mkononi, hakuna ujumbe ulioingia. Mzee Opondo akauliza, "Na maji yakija kweli?"

Metrine hakumlaumu mtu. Mimi ndiye ninayekuuliza: ulikuwa unashindana na nani?

Mdogo wako,
Seline

Kisumu, 17 Aprili

Dada Adero,

Hujambo? Mama je? Simu hushiki, barua hujibu, na mvua imeanza. Metrine anataka kuja huko. Nimwambie nini?

Mdogo wako

Ahero, 30 Aprili

Nyaminwa,

Mama hajambo, sote tuko salama. Naanza na hilo kwa sababu najua umesikia habari za maji.

Metrine alifika Jumamosi, viatu mkononi, matope hadi magotini. Nilikuwa nimemwekea maneno makali. Akaiangalia kompyuta yangu, akasema, "Dada, kuilazimishia hii kontena ni kumtwika mbuzi mzigo wa punda. Nilikosea, sikuuliza."

Tukapatana. Kontena zikae kwenye mashine ya ofisi, mimi niandike hapa, kazi ijaribiwe huko kupitia mtandao. Mtandao ukikatika nakaa bure, hiyo ndiyo hasara. Lakini kinachopita huko, kwenye seva hakikwami.

Jumatatu mto ulipovimba, simu zililia kijiji kizima. Mzee Opondo aliwahi kuhamisha ng'ombe wake. Mama tulimfikisha shuleni, kule kwenye mwinuko, maji yakiwa bado hayajaingia uani. Metrine alimshika mkono njia nzima.

Nilikuwa na wivu, Seline. Nilidhani umepata dada mwingine.

Barabara imekatika, kwa hiyo bado yuko nasi. Anajifunza kupika omena, dagaa wetu wa ziwani, na Mama. Wanacheka mno.

Dada yako,
Adero

Kisumu, 6 Mei

Dada Adero,

Namshukuru Mungu kwa ajili yenu. Mwili wangu ni mzima, moyo sijui.

Metrine amerudi na mchele wa Mama. Ofisini hatusikii lingine: Mama alisema hivi, Adero akacheka vile. Ati Mama amempa jina, Akoth, kwa kuwa alikuja na mvua. Jana Mama alinipigia simu, nikaacha mkutano niongee naye. Akasema, "Nipe Akoth."

Mdogo wako, kama hujapata mwingine,
Seline

Ahero, 7 Mei

Nyaminwa,

Hatujambo, ila nimecheka hadi Mama akauliza kuna nini.

Siku ya maji, tulipomwambia Mama achukue kitu kimoja tu, alichukua godoro lako. Kule shuleni alikataa mtu yeyote asilale juu yake. Akoth alilala kwenye mkeka.

Njoo Jumamosi. Njoo peke yako.

Dada yako,
Adero