Mama mkwe aliniona kliniki, akasema anatafuta daktari wa macho

Cucu Nelius mpendwa, nyanya yetu sote wasomaji wa gazeti hili, nakusalimu na nakuomba unishike mkono kwa jambo ambalo siwezi kumwambia mtu wa nyumbani wala wa kazini. Mimi ni daktari wa akina mama, wa uzazi na magonjwa ya tumbo la uzazi, lakini sijaajiriwa popote, nafanya kazi ya muda, yaani hospitali ikipungukiwa na daktari wananipigia simu, naenda nakaa wiki kadhaa, mwenye nafasi akirudi kutoka likizo nabeba begi langu narudi nyumbani Embu, mtaa wa Majimbo, nangoja simu nyingine, na wagonjwa wengi niliowatibu sikujua waliendeleaje kwa sababu siku yao ya kurudi kliniki ilinikuta nimeshahama.

Sasa niko hospitali moja upande wa Meru, na huko ndiko kwao mchumba wangu Kaari, ni mwalimu, nyumbani kwao ni karibu na soko la Kianjai, na ruracio, yaani siku ya kupeleka mahari, tumepanga iwe baada ya mavuno. Mama yake nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya kujitambulisha, na unajua adabu ya huku, tulisalimiana kwa mbali, akaleta chai, akarudi jikoni, hakuketi tulipoketi.

Basi siku moja kliniki imejaa, sista Maxine anayepokea wagonjwa akaniambia, “Daktari, anayeingia ni mama wa miaka sitini hivi, hedhi ilikoma zamani lakini sasa anatokwa na damu tena, na ana haya sana, kwa hivyo mwendee polepole.” Nikasema aingie. Mlango ukafunguka, na aliyeingia ni mama yake Kaari.

Cucu, sikujua niangalie wapi. Nikasimama, nikasema, “Mama, karibu.” Yeye akashika kitambaa chake cha kichwa, akautazama ukuta, akauliza, “Hapa si kwa daktari wa macho?” Sista akasema, “Lakini mama, si umeniambia sasa hivi...” naye akamkatiza, “Macho! Nimesema macho. Sioni vizuri, ndiyo maana nimepotea mlango.” Akatoka, na alivyotembea kwa haraka, hakuna asiyeona anayetembea hivyo.

Jioni Kaari akanipigia akicheka, “Wee Ngari, kumbe mama anaumwa na macho na alikuwa ametuficha! Amenunua miwani hapo sokoni, sasa anashuka ngazi akishikilia ukuta, baba akimwambia aitoe anasema ni daktari ameagiza.” Mimi nikashindwa kucheka. Nikamwambia amwambie mama arudi kliniki haraka, macho si ya kuchezewa, na jibu lililorudi ni hili: “Mwambie daktari macho yamepona kabisa, na Mungu ambariki.”

Damu ya namna hiyo haifai kungojwa, Cucu. Inaweza kuwa jambo dogo na inaweza kuwa saratani inayoanza, na hata hiyo ikipatikana mapema mara nyingi inatibika, lakini ikiachwa miezi ni hadithi nyingine. Kaari siwezi kumwambia maana siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa mwenyewe, na nikinyamaza mama akazidiwa nitamtazamaje huyo msichana maisha yangu yote? Kuna daktari mwenzangu, mwanamke, Kajuju, naye ni wa kazi ya muda kama mimi, yuko hospitali moja ya Embu, nikafikiria mama aende kwake, lakini atamwambia mzee wake nini, kwamba macho sasa yanatibiwa Embu baada ya kupona? Huyo Kajuju hata aliwahi kuniomba tubadilishane vituo kwa sababu kwao ni Meru, nikakataa, maana mkubwa wetu huku amedokeza kuna nafasi ya kudumu itatokea na aliye karibu atafikiriwa kwanza, na mimi naitaka sana hiyo nafasi kwa sababu siku ya kujitambulisha mjomba wa Kaari, Mzee Kithinji, aliniuliza mbele ya watu wote, “Kijana, hii kazi yako ni yako, ama ni ya kuazima?” na nyumba nzima ikacheka.

Kwa hivyo nimeamua niende Kianjai mwenyewe, nikae chini na mama, nimweleze kama daktari, si kama mkwe. Nieleze tu nitumie maneno gani.

Ngari, Majimbo, Embu.

CUCU NELIUS ANAJIBU

Wasomaji, msijisumbue kubahatisha. Huyu si Ngari, msichana si Kaari, soko si Kianjai, na hata macho hayakuwa macho. Mimi darasa nililiona kwa nje tu nikipita na kuni mgongoni, kwa hivyo barua zenu husomewa hapa na Lydiah, mke wa mwanangu, naye alipofika kwenye jina la mama wa watu alilifuta kabla hajalitamka. Wewe daktari unasema siri ni ya mgonjwa, halafu unaiandikia gazeti, na soko lake juu! Usirudie tena.

Nimemaliza kukugombeza hapo. Sasa pole, mjukuu wangu. Pole kweli. Umelelewa vizuri, maana kijana mwingine angemkimbilia mpaka kwenye foleni akimwita “mama mkwe, mama mkwe, rudi nikupime”.

Lakini hiyo safari ya Kianjai, ifute. Unaniomba maneno? Hakuna maneno. Eti utaenda kama daktari si kama mkwe! Nthoni, hiyo heshima ya kuoneana haya na wakwe, si koti jeupe uitundike msumarini ukimaliza kazi. Mimi nina mkwe anayeng'oa meno kule Chuka. Ni hodari, watu wanamfuata kutoka mbali. Jino langu liliuma mpaka shavu likawa boga, na nilipita mlangoni pake nikaenda kwa mtu nisiyemjua hata jina. Aliposikia akacheka, “Lakini mama, ni mdomo tu!” Nikamwambia, “Mdomo huu ndio ulikubali uoe. Hautakufungukia tena.” Sasa kama mimi nilimkimbia kwa jino, huyo mama na ugonjwa wake angefanya nini?

Usimwone mjinga. Hebu tazama alichofanya. Aliishinda aibu yake nyumbani, akapanda gari, akapanga foleni, akamwambia sista ukweli wote bila kuficha kitu. Anayetaka kufa hafiki hapo. Huyo mama anataka kupona. Kitu kimoja tu kilimzuia, na kitu hicho ni wewe, umeketi kwenye kiti.

Basi toka kwenye kiti.

Umeandika dawa kwa mkono wako ukaipita mbio. Kajuju anataka kuja Meru. Wewe unahitajika uondoke Meru. Ugumu uko wapi? Mpigie leo, kabla hujala. Mwambie uko tayari kubadilishana, na kwamba kuna mgonjwa anayehitaji daktari mwanamke upesi. Usiongeze. Yaliyobaki atayasema mwenye mwili. Ongeeni na wakubwa wenu pande zote mbili, wakubali, mpokezane kazi vizuri, msiache wodi ya wajawazito bila mtu kwa ajili ya mambo yenu.

Kisha mwachie sista Maxine. Yeye ndiye aliambiwa, kwa hivyo yeye ndiye apige simu. Si wewe, si Kaari. Aseme hivi: “Mama, yule daktari kijana ameenda Embu. Sasa yuko mwanamke, mtu wa huku kwetu. Hiyo damu si ya kungojwa. Njoo, nitakupokea mimi mwenyewe langoni.” Asipokuja, apige tena. Akisema amepona, apige tena. Sisi wazee tunapona kwa mdomo haraka sana.

Kwa Kaari funga kinywa. Akitaja miwani, sema “sawa” na uulize habari ya shule. Na uache kutuma salamu za macho! Ulimsukuma mama akapona kwa nguvu.

Sasa hiyo nafasi ya kudumu. Najua inakuuma, na sitakudanganya eti Mungu ataifungia kabatini akuwekee. Unaweza kuikosa. Lakini hebu tuseme umeipata. Utaketi kwenye kiti hicho hicho mwaka baada ya mwaka, na yeye yuko kule nyumbani anavuja damu na kupapasa ukuta. Hapo utakuwa umeshinda nini? Daktari wa kudumu angeambiwa ampishe mwingine, angeanza wapi? Wewe ni kubeba begi tu. Kazi unayoionea haya ndiyo inakuwezesha kumsaidia huyu mama bila kumgusa hata kidole. Nafasi nyingine zitatokea, wanawake hawajaacha kuzaa. Na Mzee Kithinji akikuuliza tena kama kazi yako ni ya kuazima, mjibu, “Ndiyo mzee, na wote walioniazima wameniita tena.” Halafu kula nyama yako.

Siku ya ruracio simama mbali na mama kama mlivyozoea. Usimchunguze uso kama anayetafuta homa. Usimuulize chochote, na usingoje akushukuru. Kuna wema ambao ukitajwa unageuka tusi, na huu ni mmoja wao. Ukimwona anapita na birika anagombeza watu wa jikoni, hayo ndiyo malipo yako, yapokee na unyamaze.

Na wewe mama, wewe mwenyewe, na wengine wote mnaonyamaza kama yeye. Hedhi ikishamuaga mwanamke, hairudi kumsalimia. Ikionekana tena baada ya miaka, ina neno, na neno hilo linasikilizwa mapema. Sisemi ni ugonjwa mbaya. Pengine ni kitu cha vidonge tu. Mimi sijui, nawe hujui, anayejua ni atakayekupima, na hata likiwa lile tunaloliogopa, wako wanawake tunaopiga nao makofi kanisani kila Jumapili waliowahi wakatibiwa. Hujamkosea mtu. Adabu yako uliilinda vizuri sana, sasa linda mwili uliozaa hao watoto. Vua hicho ulichonunua sokoni kabla hakijakuvunja mguu. Mwambie mzee unaenda hospitali, yeye si mkwe wako, ni mume wako. Oga, funga kitambaa chako kizuri, uende. Ukifungua mlango ukimkuta yule kijana pale, geuka urudi nyumbani, kisha uje unitafute na bakora.

Lakini hutamkuta. Nimeshamwambia aondoke.