Picha ya moshi wa Fataki

Jumanne

Viti vya matanga vimerudi ndani kwa Mama Furaha, jirani yangu. Asubuhi alivitoa akimlilia binti yake anayeishi mji wa Fataki, kwa sababu kikundi cha simu kiliandika: “Fataki yote imeungua leo.”

“Weye umesoma habari, ao kichwa tu?” nikamuuliza.

“Picha iko hapa, mama! Unataka nini tena?”

Nikaiangalia. Mbele ya moshi, amebeba godoro la mtu, alikuwa mume wangu. Tulimzika miaka mitatu iliyopita.

“Huyu ni Baba Yosia. Picha ni ya zamani. Piga simu kwanza!”

Binti akapokea, akalalamika kwamba tunamkatisha kupalilia maharagwe. Mama Furaha akacheka na machozi yake, kisha akaandikia kikundi: “Ninyi wote, muulize kwanza mbele ya kutuma.”

Picha sijaifuta. Sikujua kwamba siku ile Fataki ilipoungua zamani, kuna mtu alimpiga picha.