Robo ya Dozi

Ijumaa, 7 Machi

Protini ya kulishia seli imebaki kidogo mno. Shehena mpya imekwama forodhani — nimepiga simu mara nne, jibu ni lile lile, subiri mama.

Nao hawa hawasubiri. Seli shina za kiinitete cha panya, vijitu visivyoonekana kwa macho, lakini kudeka kwao! Miaka yote hii bado nastaajabu. Protini inagusa ngozi ya seli, ndani ujumbe unapokezanwa mpaka kwenye jeni: jizae, usibadilike. Ujumbe ukififia, mwingine unashika usukani. Geuka! Kuwa neva, kuwa moyo.

Seli za kawaida ni za maabara nzima, nimezipa dozi kamili. Za Mrefu, mwanafunzi wetu wa utafiti, zile alizozing'oa jeni moja, nimezipa robo. Siku tatu tu. Kwenye daftari la lishe nimeandika "kamili" kote, mkono umezoea. Nitarekebisha Jumatatu.

Jumatatu, 10 Machi

Mrefu kapiga kelele mpaka mlinzi kaja mbio! Shangazi, njoo uone. (Siku hizi hata maprofesa wananiita hivyo.) Nikainama kwenye hadubini. Za kawaida zimekumbatiana, duara safi. Zake zimetapakaa sahani nzima, zimetoa miguu. Zimegeuka.

Jeni ndiyo hii, anasema, bila hiyo haziwezi kubaki zilivyo. Miaka minne ya kuitafuta! Akampigia mama yake palepale, anacheka huku analia.

Nami nikajiambia, labda ni jeni kweli. Shehena imefika saa nane. Daftari sikuligusa.

Alhamisi, 20 Machi

Mrefu karudia jaribio. Sasa protini tele. Seli zake — duara safi, kama za wenzao. Karudia tena. Vilevile.

Hali chakula. Ananawa mikono mpaka imechubuka, anadhani kosa ni lake. Nimemwambia apumzike kidogo, mwanangu. Unafiki mtupu!

Jumatatu, 31 Machi

Profesa alishawatangazia wenzake matokeo ya kwanza. Leo kamwita Mrefu, kafunga mlango, lakini ukuta wetu ni wa mbao. Kamuuliza kama zile picha za seli za mara ya kwanza alizipika. Mrefu kajibu hapana, mara moja, kwa sauti ndogo.

Kesho kikao. Akishindwa kueleza, anafukuzwa chuo.

Jumanne, 1 Aprili

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha kikao. Miaka kumi na tisa hapa, sijawahi kupewa hata onyo. Mwanangu wa kumzaa bado anasoma. Naogopa. Wacha niliandike walau mahali pamoja: naogopa, na naona aibu.

Mrefu katoka, macho mekundu. Nikaanza: mwanangu, ile Ijumaa... Akanikatiza. Eti nisijisumbue kumtetea, ameshawaambia kila kitu. Kwamba katika jengo hili zima mtu asiyekosea ni Shangazi, alichoandika ndicho seli zilichokula. Basi kosa litakuwa la mikono yake yeye, na amekubali. Wanataka tu nithibitishe daftari la lishe, halafu wamalize.

Profesa anaita. Mrefu kanishikia mlango. Ngoja kidogo, nimemwambia, kuna kitu naandika.

Anangoja.